Shimo Lina Mwenyewe

Jumapili, 30 Juni 2024

Wazee wamefungua ngitili, malisho yetu ya akiba, leo baada ya misa. Nyasi zilikuwa zimefungwa tangu mvua zilipoanza Novemba, na sungusungu, walinzi wetu wa jadi, hawakumwonea mtu haya: aliyeingiza hata ndama mmoja alitozwa faini mbele ya watu. Sasa kiangazi kimekolea, mabua yamekwisha mashambani, ng'ombe wetu wamebaki na hiyo ngitili tu.

Guku, yaani babu, wa kitongoji cha juu aliwakalisha vijana chini ya mgunga akawasimulia ardhi hii ilikotoka. Wakati wa ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kumwangamiza mbung'o. Kisha pamba na mifugo vikamaliza kilichobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tuliouita HASHI, ulipokuja mwaka 1986, mabwana miti hawakuleta jambo geni. Waliwaambia Wasukuma warudie ngitili za babu zao, kila kaya na kila kijiji kitenge eneo lipumzike. Guku alikuwa kijana wa kubeba miche wakati huo. Migunga iliyowapa vijana kivuli leo ilichipua yenyewe baada ya ardhi kuachwa ipumue.

Aliposema hayo alikuwa akitazama upande wa mashariki wa ngitili, kwenye vichuguu vya kifusi. Mwaka jana dhahabu ilionekana pale, mfumuko ukatokea, watu wakaja kutoka Geita, Chunya, hata Mererani. Leo wameondoka wote. Maduara, yaani mashimo yao, yako wazi.

Nilirudi nikamkuta mama jirani anaandaa viazi vya michembe. Vilikuwa vimeshanyauka siku kadhaa uani hadi vikalegea. Tukamenya, tukakata vipande vyembamba, tukavianika juu ya mwamba. Magari ya mawe kutoka machimbo mengine yalipita mara kwa mara na kila yalipopita tulikimbia kufunika kwa kanga. Michembe ndiyo akiba yetu ya Januari, na kuila na vumbi la barabara si haki.

Alhamisi, 4 Julai

Ng'ombe wa maziwa wa jirani yangu ametumbukia kwenye duara. Mchungaji ni mtoto wa miaka 11. Alikuja mbio hana sauti. Tulifika tukamkuta mnyama yuko chini sana, amevunjika, bado anahema. Vijana waliowahi kufanya kazi kule chini walishuka kwa kamba wakamchinja, wakamtoa vipande vipande. Bwana mifugo akakagua nyama, na kila kaya ikanunua kilo mbili au tatu hata kama haikuwa na hamu ya nyama. Hivyo ndivyo tunavyomfuta machozi mwenye mali. Alipata labda nusu ya thamani, lakini maziwa ya watoto wake hakuna wa kumrudishia.

Kijana mmoja alinionyesha ukuta wa duara lile. Magogo yanayoshikilia udongo, yale wanayoyaita matimba, yameng'olewa. Wachimbaji walipoona mwamba umekata dhahabu, waliyang'oa wakaenda kuyauza kwenye machimbo mengine. Kwa hiyo shimo halikuachwa tu wazi. Limeachwa likiwa hatari kuliko lilipokuwa na watu ndani yake. Mvua ya kwanza ikinyesha mdomo utapanuka, na njia ya shule iko hatua chache tu kutoka pale.

Jumanne, 9 Julai

Kikao cha Halmashauri ya Kijiji. Sheria inataka wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na robo yao angalau tuwe wanawake. Leo akidi ilitimia kwa sababu habari ya ng'ombe imewagusa watu.

Mwenyekiti aliuliza swali moja: mashimo haya ni ya nani? Kila mjumbe akawa na jibu lake. Mmoja alisema ni ya mwenye leseni, na yeye anaishi mjini. Mwingine alisema ni ya wenye maduara, ambao hatujui hata majina yao kamili. Mzee wa tatu alisema ni ya serikali kwa sababu madini yote ni ya serikali.

Niliomba nafasi. Nilisema mfumuko ulipotokea, wenye mashamba ya jirani walipokea mgawo wao wa mifuko ya mawe. Mama lishe waliuza chakula mchana na usiku. Kijiji kilichangiwa mabati ya nyumba ya mganga wa zahanati, na mabati hayo yanaonekana hadi leo. Basi kila aliyekula mchuzi wa dhahabu ile ana sehemu yake katika mashimo. Mwenye leseni anabeba mzigo mkubwa, na lazima atafutwe kwa barua hadi ofisi ya madini Kahama. Lakini tusijifiche nyuma yake.

Tuna mfano mkubwa hapa hapa wilayani. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafungwa 2021. Ulikuwa na wahandisi, uzio na mpango wa kufunga ulioandikwa. Kama mgodi wenye vyote hivyo umeisha ndani ya miaka 12, wa wachimbaji wadogo uliodumu miezi michache kwenye ngitili yetu tulidhani ungekaa hadi lini? Dhahabu yoyote ina siku yake ya mwisho. Siku hiyo hupangwa mapema, watu wangali wanacheka.

Tumekubaliana: Mtendaji aandike barua, na jambo liende Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, na nesi wa zahanati. Kinamama walikuwa wameinama juu ya makarai. Mawe yanasagwa kwenye karasha hadi yawe unga, unga unaoshwa kwa maji, kisha zebaki inatiwa ikamatishe dhahabu. Binti mmoja ninayemfahamu, nilimfundisha kusoma, alikuwa anachanganya kwa mikono mitupu, mtoto mgongoni. Kidonge cheupe kilipopatikana alikifinya kwenye kitambaa, akakipeleka kukichoma kwenye jiko la mkaa lile lile la ugali.

Nesi alimweleza polepole. Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke usioonekana, unaingia mapafuni, unakwenda kwenye ubongo na figo, na mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilitiririsha zebaki baharini. Mwaka 1956 ndipo ugonjwa wa waliokula samaki wa pale ulipotambuliwa rasmi, na watoto walizaliwa wakiwa nao. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki ukapewa jina la mji huo, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba kinachonasa mvuke, ukapoa, ukarudi kuwa zebaki ya kutumia tena. Hakuna hata kimoja pale mwaloni.

Binti alisikiliza kwa heshima, akasema, "Nimekuelewa, mayu. Ila mimi silipwi kwa siku. Mwenye karasha anabaki na marudio yote. Nisipochoma hapa hapa jioni, narudi mikono mitupu."

Nimelifikiria jibu lake hadi usiku. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Nyingine hubaki kwenye mchanga, na mchanga huo, yaani marudio, unachukuliwa na mwenye karasha kwenda kwenye matangi ambako sianidi inatoa kilichobaki. Mama anabeba sumu, mwenye mtambo anabeba faida. Kumfundisha afya bila kugusa mgawo wa marudio ni kazi nusu. Nitalipeleka hili kwenye kamati ya huduma za jamii: kikundi cha kinamama kikiwa na chombo kimoja cha pamoja, wachome mahali pamoja mbali na nyumba, na wazungumze na mwenye karasha kama kikundi.

Ijumaa, 2 Agosti

Mtoto wa darasa la tatu ametumbukia. Alikuwa anatoka shule, akafuata mbuzi aliyekatika kamba. Namshukuru Mungu kwamba alinasa kwenye kingo, hakufika chini. Yowe lilipigwa, kijiji kizima kikakimbilia kule.

Waliomtoa ni wachimbaji wa machimbo ya ng'ambo ya mto. Walikuja na winchi yao na kamba, wakakataza watu kusogelea mdomo wa shimo, wakalaza mbao ili uzito utawanyike, kisha mmoja akashuka akiimba ili mtoto amsikie. Ni vijana wale wale ambao watu huwaita wahuni sokoni. Wanajua ardhi inavyozungumza kabla haijaanguka, na walijitoa bila kuuliza watalipwa nini. Mmoja aliniambia kwamba alikuwa Nyangalata mwaka 2015, wakati watu watano walipotolewa wazima baada ya siku 41 chini ya ardhi. "Tangu siku ile, Mwalimu, sikati tamaa kwa mtu aliye chini mpaka nimwone."

Mtoto amevunjika mguu. Yuko hospitali Kahama, na mama yake yuko naye. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kimetoa fedha za nauli na chakula, ingawa katiba yake inataja misiba tu. Hakuna aliyepinga.

Jumatatu, 5 Agosti

Minong'ono imeanza, na imenitia hofu kuliko shimo lenyewe.

Ng'ombe kwanza, mtoto baadaye, wote ukoo mmoja. Kuna mtu amekwenda kwa mganga mbali na hapa, na mganga akapiga ramli, akasema mbaya wao ni bibi mwenye macho mekundu anayekaa peke yake karibu na njia. Kila mtu anamjua bibi huyo. Ni mjane, mashamba yake yanatamaniwa na wajukuu wa mumewe.

Nimekaa jikoni kwake mara nyingi. Ni kijumba cha udongo kisicho na dirisha. Anapikia mabua ya pamba na samadi kavu, kwa sababu kuni ziko mbali na miguu yake haifiki. Moshi unajaa hadi huoni sufuria. Mtu aliyeinama kwenye moshi ule tangu akiwa msichana, macho yake yatakuwa na rangi gani? Mkoa huu umezika bibi wengi kwa sababu ya macho kama hayo, na umewawinda watu wenye ualbino kwa sababu ya waganga waliowadanganya wachimbaji kuhusu bahati. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015. Lakini marufuku hiyo haiwezi kulala mlangoni kwa bibi usiku.

Nimemleta alale kwangu. Amekuja na kuku wake wawili na hakuuliza sababu.

Jumapili, 11 Agosti

Padre amehubiri bila kuzunguka. Alisema anayemnong'onezea bibi kifo hana la kusema altareni. Mchungaji wa kanisa la ng'ambo na imamu wa msikiti wa barabarani walikubaliana kusema neno hilo hilo kwa watu wao.

Jioni sungusungu walikutana uwanjani. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwetu Kahama na Shinyanga, wezi wa ng'ombe walipokuwa wanatembea na silaha za vita na polisi ni wachache. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Tunawaheshimu kwa hilo. Guku alisimama akasema jambo ambalo wengi huliacha: kwamba enzi zile baadhi ya sungusungu waliwatesa bibi wazee kwa jina la kusafisha kijiji, na kwamba damu ile haikuleta ng'ombe hata mmoja nyumbani. Kisha akasema, "Shimo hili limechimbwa kwa sululu. Mwenye sululu ana jina. Tumtafute huyo."

Kamanda akatangaza kwamba atakayemgusa bibi ameugusa mwano, yaani yowe la hatari, wa kijiji kizima. Yule aliyekwenda kwa mganga aliitwa, akaulizwa mbele ya wazee, akainamisha kichwa. Habari imepelekwa pia polisi, kwa maandishi, ili isibaki kuwa maneno ya uwanjani.

Jumamosi, 24 Agosti

Mkutano Mkuu. Sheria inataka uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Sisi tulikuwa hatujakutana tangu Februari, na watu walilisema hilo kabla ya ajenda ya kwanza. Ni haki yao. Mkutano huu ndio wenye kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 ana sauti ndani yake sawa na mwenyekiti.

Mtendaji alisoma mapato na matumizi. Fedha za maji ziliwachelewesha watu: ndoo ni shilingi 50, pampu ilikaa imeharibika wiki nyingi, na wengine walitaka kujua tutaunganishwa lini na bomba la Ziwa Victoria linalotoka Ihelele, ambalo maji yake yamekuwa yakifika Kahama na Shinyanga tangu 2009. Risiti zilipitishwa mkono kwa mkono. Mama mmoja asiyejua kusoma alimwomba mwanawe amsomee kila moja kwa sauti. Tulisubiri.

Kisha mashimo. Mwenye leseni alikuwa amejibu kwa simu kwamba wenye maduara ndio walioharibu. Vijana wa machimbo walisimama wakasema kweli yao: wanamlipa mwenye leseni, mwenye shamba na mwenye karasha, na wakimaliza hakuna anayewaambia wafukie wala anayewapa hata siku moja ya posho kufukia. Mtu mmoja alikumbusha Bariadi, ambako mwezi Januari mwaka huu huu ardhi iliporomoka kwenye machimbo na kuua zaidi ya watu 20. Uwanja ukanyamaza.

Tumeazimia haya, na nimeyaandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu:

Moja, ngitili haitachimbwa tena bila idhini ya Mkutano Mkuu. Mbili, mwenye shamba anayeruhusu duara aje ofisini na mwenye duara, waandike majina, namba ya simu na tarehe, na fedha ya kufukia iwekwe kwanza. Tatu, matimba hayang'olewi kabla shimo halijafukiwa. Nne, barua ya pili kwa ofisi ya madini, nakala kwa Halmashauri ya Wilaya. Tano, mashimo ya njia ya shule tunayafukia wenyewe bila kusubiri jibu.

La tano lilipingwa na wengi mwanzoni. Walisema tukifukia tumemsamehe mwenye leseni. Mwalimu mkuu akawauliza mtoto anayefuata anasamehewa na nani. Mikono ikanyanyuka.

Alhamisi, 12 Septemba

Darasa la saba wamemaliza mtihani wao leo. Niliwaona wakitoka, mashati yamechomekwa, wengine wanacheka kwa sauti kubwa kupita kawaida. Najua kesho wavulana kadhaa watakuwa kwenye karasha. Matokeo yatakapotoka, baadhi yao watakuwa wamechaguliwa kwenda sekondari na hawatapatikana.

Nimewatembelea wazazi wa watano leo hii hii. Baba mmoja alisema dhahabu imemjengea nyumba, sekondari haijamjengea mtu aliyemjua. Nilimuuliza dhahabu ya ngitili imemjengea nini aliyeanguka. Alikaa kimya, kisha akasema mwanawe atakwenda kama sare itapatikana. Sare itapatikana. Kikundi cha kinamama kina fedha ya michembe na choroko, na tumeahidiana.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumefukia. Kila kitongoji kilileta watu wake na majembe, matoroli, hata mikokoteni ya ng'ombe. Vijana wa machimbo ndio waliotuongoza, na bila wao tungefanya vibaya. Watu wengi walitaka kutupa magogo na matawi kwanza ili shimo lijae haraka. Wakatukataza: mti unaoza, udongo unazama, na baada ya mvua mbili shimo linafunguka chini ya miguu ya mtu. Mawe makubwa chini, kifusi juu yake, kisha kushindilia, kisha kifusi tena. Juu kabisa udongo mweusi ili nyasi zishike.

Maduara marefu zaidi hayakujaa. Tumeyazungushia minyaa, tukaipanda kwa kubanana, na Guku ameonyesha watoto namna ya kukata tawi bila utomvu wake kuingia machoni. Bibi alikuja na uji wa mtama kwenye ndoo. Baba wa yule mtoto aliyevunjika mguu alikuwa wa kwanza kupokea kikombe kutoka mkononi mwake, mbele ya wote.

Fundi wa kitongoji cha chini ameanza kumjengea bibi jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi, na ametoboa dirisha.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha kwenye daftari la wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba. Foleni ilikuwa ndefu shuleni, na nimefurahi kuwaona vijana wa machimbo ndani yake. Waliambiwa wao ni wapita njia, lakini wengine wana watoto waliozaliwa hapa.

Wagombea wameanza kupita wakisalimia kuliko kawaida. Ofisi ya madini imejibu kwamba mwenye leseni ameitwa. Hajalipa kitu bado. Mvua zimekaribia na ngitili inafungwa tena mwezi ujao.

Nimeandaa maswali ya kumuuliza kila anayetaka uenyekiti, bila kujali chama chake. Utaitisha Mkutano Mkuu kila baada ya miezi mitatu, na tarehe zake ni zipi? Utasoma risiti hadharani? Daftari la wenye maduara litakaa wapi, na ufunguo wa kabati utakuwa na nani? Ramli ikipigwa tena, utasimama wapi usiku huo? Atakayejibu yote manne kwa tarehe na majina atapata kura yangu, na nitampeleka mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba.